Petroli Yasingiziwa

Imekuwa desturi katika jiji la Nairobi, na hasa katika vitongoji vyake vya magharibi ambako bustani ni pana na watu wenye wasaa hawakosi, kwamba kila injini ndogo ya petroli inapokataa kuwaka, au inapowaka ikazima, au inapokwenda kwa unyonge mahali ilipozoea kwenda kwa ghadhabu, hukumu hutolewa kabla ya plagi kufunguliwa: mafuta ni machafu. Wanayasema hayo wenye mashine za kukata nyasi za Karen na Lavington, wanayasema wenye jenereta za maduka ya Kawangware, na kwa sauti kubwa kuliko wote wanayasema wenzangu wanaochezea magari makubwa ya rimoti, yale yenye urefu wa sehemu moja ya tano ya gari halisi, yanayoendeshwa na injini ya mipigo miwili yenye sentimita za ujazo 23, 26 au 29. Fundi naye, akiletewa gari hilo, hunusa tangi, hutikisa kichwa, akasema, "Mkubwa, hii ni mafuta chafu," na mwenye mali hurudi nyumbani ameridhika, kwa kuwa amepewa adui asiyeweza kumjibu.

Nia yangu ni kumjibia adui huyo. Nadai kwamba petroli inayouzwa Nairobi aghalabu ni safi. Kwamba maradhi mengi yanayotiwa katika jina lake ni maradhi ya hewa. Na kwamba sehemu iliyobaki, ambayo kweli ni ya mafuta, imeletwa na mikono yetu wenyewe baada ya petroli kutoka katika pampu salama salimini.

Sisemi kwamba tuhuma ilizuka bila asili. Kwa miaka mingi mafuta taa yalikuwa rahisi kuliko dizeli na petroli, kwa sababu serikali iliyatoza kodi ndogo kwa ajili ya nyumba za maskini, na tofauti hiyo ya bei ikawa kishawishi kikubwa kwa wafanyabiashara wasio na haya. Lakini waliochanganya walichanganya zaidi katika dizeli, ambayo ni jamaa wa karibu wa mafuta taa na huyapokea bila kelele. Ndani ya petroli mafuta taa hujifichua upesi, kwa moshi, kwa harufu na kwa mgongano wa chuma unaosikika ndani ya silinda. Mwaka 2018 ikawekwa tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa, tozo iliyopewa waziwazi jina la kuzuia uchanganyaji, na bei ya mafuta taa ikapanda hata faida ya wizi ule ikayeyuka. (Waliokuwa wakipikia stovu ndio waliolipa gharama ya unyofu huo, na hilo ni jambo la kusikitisha linalostahili makala yake.) Zaidi ya hayo, alama ya kikemikali hutiwa katika mafuta taa na katika mafuta yanayopitia nchini kwenda kwa majirani, na wakaguzi wa Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli huzunguka vituoni wakichukua sampuli ili kuitafuta alama hiyo. Katika vituo vinavyonaswa vimo ambavyo kosa lake ni kuuza hapa petroli iliyokusudiwa Uganda au Kongo, petroli iliyokwepa kodi ya Kenya. Ni kosa zito mbele ya sheria, illa pistoni haijui kodi.

Tumwite sasa shahidi aliye karibu. Katika kituo chochote cha Barabara ya Ngong, tangi moja la ardhini huhudumia kwa siku moja matatu, magari ya watu wa ofisini na pikipiki zisizo na idadi. Atasema mpinzani wangu kwamba gari la kisasa lina kompyuta, na lina kihisi katika ekzosi kinachopima oksijeni na kusahihisha kila kasoro, hivyo salama yake si ithibati ya chochote, nami namkubalia. Lakini bodaboda nyingi hazina kompyuta. Zina kabureta, kama injini zetu. Hubeba abiria wawili na gunia la viazi kupanda kutoka Kangemi hadi Uthiru, hushinda juani, na kesho yake hurudi katika pampu ile ile. Ikiwa petroli ya asubuhi ile ilikuwa sumu, ilikuwaje ikachagua kuiua injini moja ya Karen, ikaziacha hai zote za Kawangware?

Wengine huja na ithibati ya karatasi. Hudondosha tone kutoka katika tangi la gari juu ya karatasi nyeupe, husubiri likauke, na wakiona doa limebaki hushangilia kana kwamba wamemshika mwizi. Jaribio lenyewe si la kipuuzi, maana petroli safi hupaa yote ikaiacha karatasi kama ilivyokuwa, ilhali mafuta taa huacha alama yenye utelezi. Kipuuzi ni kulifanya kwa mafuta yaliyokwisha kutiwa oili. Injini ya mipigo miwili haina sampu. Hulainishwa na oili inayochanganywa ndani ya petroli yake, na wenye magari haya aghalabu hushika kiasi cha sehemu moja kwa ishirini na tano, yaani mililita 40 katika lita. Tone la mchanganyiko huo litaacha doa hata kama petroli yenyewe ilichotwa peponi. Mtu huitia oili kwa mkono wake, kisha humshitaki mwenye kituo kwa kuiona.

Lipo jaribio jingine, ambalo mafundi wa misumeno ya petroli wanalijua tangu zamani, na ambalo lau lingefanywa kila mara, mjadala huu usingekuwapo. Fungua plagi, tia ndani ya silinda matone machache, nusu ya kijiko cha chai na yasizidi, ya petroli ile ile inayolaumiwa, rudisha plagi, kaa mbali na mwenye sigara, uvute kamba. Injini ikinguruma kwa nukta mbili tatu kisha ikafa, mambo matatu yamethibitika kwa pamoja: cheche ipo, mgandamizo upo, na petroli inawaka. Mshitakiwa ameachiliwa na yule yule aliyemleta mbele ya hakimu. Kilichobaki kuchunguzwa ni njia ambayo petroli hupitia toka tangini hadi silindani, nayo ni njia yenye vizuizi vingi kuliko watu wanavyodhani.

Inafaa nikae kidogo katika njia hiyo. Injini hizi zina nasaba moja na zile za mashine za kukata nyasi na za misumeno, na kabureta zake, nyingi zikiwa za Walbro, hazina bakuli wala kiboya kama kabureta ya pikipiki, kwa sababu msumeno hutumiwa ukiwa wima, ubavuni na hata juu chini. Badala ya bakuli mna viwambo viwili vya mpira mwembamba. Kimoja ni pampu: kila pistoni inapopanda na kushuka, pumzi ya ndani ya krenki hupita katika tundu dogo na kukitikisa kiwambo hicho, nacho huvuta petroli kutoka tangini. Cha pili hufungua na kufunga sindano inayoruhusu petroli kuingia kwa kipimo. Gasketi iliyowekwa kinyume, ikaliziba tundu lile dogo, huifanya pampu isipumue kabisa. Kiwambo kilichokauka kwa umri hakitikisiki. Na kichujio chembamba cha wavu kilichomo ndani ya kabureta, ambacho wengi wanaomiliki magari haya hawajapata kukiona kwa macho, huzibwa na punje zisizojaza ukucha. Kwa nje, dalili ya yote hayo ni moja: gari linakosa mafuta. Kutoka "linakosa mafuta" hadi "mafuta ni mabaya" pana hatua kubwa sana katika hoja, lakini ulimi huiruka bila kujikwaa.

Na tangi nalo? Linahitaji tundu la kuingizia hewa, ili petroli inapotoka hewa ichukue mahali pake. Tundu hilo likizibwa na vumbi, gari huwaka vizuri, hukimbia dakika kadhaa, kisha hufa kama lililonyongwa. Likiachwa lipumzike huwaka tena, likafa tena. Mwenyewe huapa kwamba petroli ikipata moto huharibika. Aulegeze mfuniko asikilize: akisikia hewa ikiingia kwa mluzi, ameshapata jibu, na halikumgharimu hata senti.

Nakuja sasa kwenye jambo kubwa, ambalo sisi wakazi wa Nairobi hulisahau kwa kuwa tunaishi ndani yake. Pale Dagoretti Corner, yalipo makao ya Idara ya Hali ya Hewa, kanieneo ya hewa husimama karibu na hektopaskali 820, ilhali Mombasa husimama karibu na 1,010. Mwinuko wa mita zipatazo 1,800 umetunyang'anya takriban sehemu moja katika tano ya hewa, na ndiyo maana maji yetu huchemka penye nyuzi 94 hivi, yasingoje 100. Kabureta yenye skrubu zilizowekwa kiwandani kwa ajili ya nchi tambarare haina habari ya hayo. Hewa ikiwa haba, petroli inayonyonywa hupungua pia, lakini haipungui kwa kadiri ile ile, hata mafuta yakazidi stahili yake kwa takriban sehemu moja katika kumi. Hapo ndipo zinapozuka dalili zote zinazotajwa katika kesi hii: moshi mzito, plagi iliyolowa na kuwa nyeusi, injini kukohoa unapoitaka iondoke kwa kasi, na ekzosi inayotema oili. Mwenye gari huuona weusi. Katika fikra yake weusi ni uchafu. Na uchafu lazima uwe wa mtu mwingine.

Hata baada ya skrubu kurekebishwa kwa ustadi, nguvu iliyopotea kwa mwinuko haitarudi, maana hewa ya kuchoma mafuta haipo. Anayeitazama filamu ya gari kama lake likirusha mchanga katika ufuo wa California, kisha akahitimisha kwamba petroli ya Kenya ni hafifu, amesahau kuuliza ufuo ule uko juu ya bahari kwa mita ngapi.

Kisha hutokea kinyume chake, na hapo makosa huwa ghali. Mtu aliyekwisha kupunguza mafuta kwa skrubu mpaka gari likakimbia bila dosari katika viwanja vya Jamhuri hulipakia wakati wa likizo akalipeleka pwani, Nyali, au hushuka nalo kwa njia ya Kiserian mpaka Magadi, ambako mwinuko haufiki hata mita 700. Huko hewa ni tele, na petroli iliyopimwa kwa hewa haba ya Nairobi haitoshi. Na kwa kuwa oili imo ndani ya petroli hiyo hiyo, injini hukosa chakula na kilainishi kwa wakati mmoja, hupata moto kupita kiasi, pistoni ikaparuza silinda na ringi zikashikana. Nimewasikia watu wakilia kwamba petroli ya Mombasa imewaua. Petroli ya Mombasa! Tangu mwaka 1978 mafuta ya Nairobi hupanda kwa bomba kutoka Mombasa, na tangu kiwanda cha Changamwe kilipoacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, yote huja yamekwisha kusafishwa ng'ambo na kushushwa pwani. Mwenye kuilaumu petroli ya Nairobi akiwa Nairobi, na ya Mombasa akiwa Mombasa, analaumu shehena moja kwa makosa mawili yanayopingana: huku imemzidishia mafuta, kule imempunguzia.

Mwinuko si hewa yote. Kuna hewa inayoingia mahali isipoalikwa: katika gasketi iliyo baina ya kabureta na silinda, katika sili za krenki zilizochakaa, katika mrija wa petroli uliopasuka kwa ufa usioonekana. Injini yenye ugonjwa huo hupiga kelele ya juu hata baada ya kuachiwa, hukataa kutulia, na ukiirekebisha leo kesho imebadilika. Na kuna hewa inayoingia na vumbi. Anayeujua udongo mwekundu wa Dagoretti na Waithaka wakati wa kiangazi, jinsi unavyopanda kama moshi na kuingia hata ndani ya saa ya mkononi, hatashangaa kwamba sponji ya filta isiyooshwa wala kutiwa oili yake huupitisha mpaka silindani, ukazisaga ringi polepole mpaka mgandamizo ukatoweka. Gari hilo haliwaki asubuhi, na mwenyewe huenda kununua petroli ya bei ya juu zaidi.

Juu ya petroli hiyo ya bei ya juu sina maneno mengi. Daraja la okteni ni kipimo cha ustahimilivu wa petroli dhidi ya kulipuka kabla ya wakati wake ndani ya silinda yenye mgandamizo mkali. Si kipimo cha nguvu wala cha usafi. Injini ya nasaba ya mashine ya nyasi, ikivuta hewa haba ya Nairobi, inahitaji okteni pungufu ya ile ambayo ingehitaji pwani. Anayelipa ziada analipia sifa ambayo injini yake haina namna ya kuitumia.

Nilisema kwamba liko fungu ambalo kweli ni la mafuta, na sitaki kulikwepa. Petroli huzeeka. Vitu vyake vyepesi, ambavyo ndivyo vinavyowasha injini ya baridi, hupaa kwanza. Vilivyobaki huganda kidogo kidogo vikawa utomvu unaoshika katika wavu na viwambo. Nenda katika stoo za Lavington uone: dumu la njano lililokuwa la mafuta ya kupikia, likasuguliwa kwa maji na kukaushwa nusu nusu, likajazwa petroli iliyotiwa oili, likawekwa chini ya bati la moto tangu shule zilipofungwa mara ya mwisho, bila tarehe wala kipimo kilichoandikwa ubavuni. Siku ya kuchezea ikifika, hicho ndicho kinachomiminwa, na kinapokataa kuwaka hutajwa kituo kilichokiuza. Oili nayo hununuliwa kwa bei na rangi. Wapo wanaotia oili ya magari, ambayo haikuundwa ichomwe na huacha masizi magumu katika mlango wa ekzosi. Na wapo wanaotia oili ya mashine za boti yenye alama ya TC-W3, nzuri sana kwa mvuvi wa Lamu ambaye injini yake hupozwa na maji ya bahari, na isiyofaa kwa injini inayopozwa na upepo tu, ambayo haki yake ni oili yenye daraja la FD.

Kwa nini basi kauli ya mafuta machafu imedumu? Kwa sababu inawafaa wote. Inamfaa fundi, ambaye huepuka kusema kwamba hajui. Inamfaa muuza vipuri wa Barabara ya Kirinyaga, ambaye plagi yake ya bandia haitachunguzwa. Inamfaa mwenye gari, ambaye haambiwi kwamba filta yake ni tope. Tena inapata nguvu katika uchungu wa bei. Bei mpya zinapotangazwa tarehe 14 ya kila mwezi, jiji zima hununa, na mtu aliyelipa zaidi ya shilingi 200 kwa lita moja, kama ilivyokuwa Septemba 2023, yu tayari kuamini lolote juu ya anayempunja. Ana haki ya kukasirika. Lakini hasira juu ya bei haipimi ubora.

Nitaambiwa kwamba hii ni dhana isiyodhuru, na kwamba mtu akiilaumu petroli hakuna anayeumia. Anaumia. Anayeamini mafuta ni mabaya huamini pia kwamba dawa ni bisibisi, na skrubu mbili za kabureta, ambazo zikishawekwa takriban mzunguko mmoja na robo kutoka mahali pa kufunga huhitaji kusogezwa kwa uchache tu, hupindwa kila Jumapili na kila mwenye maoni, hata asiwepo anayejua zilianzia wapi. Uvujaji wa hewa hufichwa kwa kuongeza mafuta, mwinuko hufichwa kwa kuyapunguza, na pistoni ndiyo inayolipa. Tena kelele ya kila mtu humlinda mwizi mmoja wa kweli, kwani mkaguzi anayepelekewa malalamiko mia yasiyo na sampuli wala risiti hana la kufanya nayo.

Imebaki hoja moja ambayo wapinzani wangu wangeitumia vizuri kuliko ya mafuta taa, nao hawaitumii: maji. Katika mvua za masika, kati ya Machi na Mei, maji yanaweza kujipenyeza katika matangi ya ardhini yasiyotunzwa, na petroli iliyochotwa chini kabisa ya tangi kama hilo itakuwa nayo. Hilo linawezekana, na halihitaji fundi kulithibitisha. Petroli na ichukuliwe kabla ya kutiwa oili, iwekwe katika chupa ya kioo, iachwe itulie usiku kucha. Maji ni mazito kuliko petroli, yatakaa chini na mpaka wake utaonekana. Mwenye kuuona mpaka huo na aichukue chupa pamoja na risiti, aende Mamlakani, nami nitakuwa upande wake. Asiyeuona na arudi kwenye gari lake, aanzie kwenye mfuniko wa tangi.